Sanamu za Wasongye na Miale ya Eksirei

Katika nchi ya Rufiji, tangu Ngorongo hata penye mikoko ya delta, mwenye hirizi haifumui ngozi yake apate kuona kilichomo, akiifumua ameiharibu. Shida kama hiyo iliwakabili wachunguzi wa sanamu za Wasongye wa Kongo, ziitwazo mankishi, na kwa umoja nkishi.

Nkishi ni kazi ya watu wawili. Mchongaji huchonga umbo la mti. Kisha nganga hutia bishimba, yaani dawa zitokanazo na mimea, wanyama na madini, tumboni na kichwani, na pengine huongeza pembe utosini. Pasipo bishimba, umbo hilo ni mti mtupu. Lakini sanamu hizo zilipofika Ulaya na Marekani, watazamaji wengi walimsifu mchongaji wakamsahau nganga, kwa kuwa kazi yake haikuonekana.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Würzburg. Miale hiyo hupenya mti kwa wepesi, bali chuma huizuia, na mfupa huizuia kuliko mti. Mwaka 1971 mashine ya tomografia, ipigayo picha pande kwa pande na kuziunganisha, ilitumika mara ya kwanza kwa mgonjwa mjini London. Baadaye mashine za namna hiyo zilitumiwa kwa sanamu pia. Jumba la sanaa la Indianapolis, Marekani, lilichunguza nkishi mmoja hivyo. Kwa njia hiyo huonekana shimo lililochimbwa ndani ya mti na vitu vilivyoshindiliwa humo, wala sanamu haipasuliwi.

Jambo hili linawahusu watunga kamusi pia. Neno "sanamu" lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kinyago kinachoabudiwa. Nkishi hakuwa mungu wa kuabudiwa. Alikuwa chombo cha kulinda mji, kuponya, na kuomba uzazi. Kumfasiri kuwa "sanamu" tu ni kutaja gamba na kuacha kiini. Nganga wa Wasongye na mganga wa Waswahili ni neno la shina moja, nalo laelekeza penye maana kamili.

Hata hivyo eksirei ina mpaka wake. Huonyesha pembe na chuma; haionyeshi maneno aliyoyanena nganga alipokuwa akivitia. Hayo hayana budi kuulizwa kwa wenyewe, kwa lugha yao.