Kati ya Mlima na Ziwa



Tukisimama kwenye bandari ya Kalundu na kutazama kaskazini, tunauona mji wa Uvira umejinyoosha kama ukanda mwembamba, milima ya Mitumba upande mmoja, Ziwa Tanganyika upande wa pili. Nyumba zimebanana hadi kingoni mwa mito Mulongwe na Kalimabenge. Lakini tukipanda kuelekea Mulenge, na mbele zaidi hadi Itombwe, twaweza kutembea saa nyingi kabla ya kufika kijiji kingine. Kwa nini watu wamesongamana huku chini?

Zamani wengi waliipenda milima. Tambarare ya Ruzizi ilikuwa na joto na homa. Juu kulikuwa na hewa baridi, maji safi na malisho. Ukoloni ndio ulioanza kuwateremsha watu. Katika miaka ya 1950 tambarare ililimwa pamba, na kiwanda cha sukari kikajengwa Kiliba. Palipo na mshahara, barabara na bandari, watu hujenga.

Kisha vikaja vita. Uasi wa 1964, vita vya 1996, na mapigano yaliyorudi mara nyingi katika nyanda za juu, viliondoa jamaa nzima vijijini mwao. Kiwanda cha Kiliba kilifungwa, lakini watu walizidi kuja mjini. Hawakufuata kazi tena, walitafuta usalama.

Aliyefika mwisho alipata kiwanja kilichobaki: ukingo wa mto au mteremko wa mlima. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha na Mulongwe ukafurika. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Tulisikia wengine wakisema, "Nani aliwatuma kujenga pale?" Historia inatujibu: wengi walitumwa na hofu.

Tujihadhari pia na neno jingine, kwamba milimani ni nchi tupu. Ng'ombe huhitaji malisho mapana, na shamba huhitaji kupumzishwa. Penye nyumba chache pana wenyewe, na wapo waliokimbia ambao bado wanazikumbuka njia za kurudi. Neno hilo, likisemwa ovyo kati ya jirani na jirani, limekwisha kuwasha moto.

Tangu 1984 nchi yetu haijafanya hesabu kamili ya watu. Basi tuanze kwa kusikilizana. Katika mkutano wetu ujao, kila mmoja awaulize wazee wa nyumbani kwake maswali matatu, kisha tusimuliane bila kubishana:

Mlitoka kijiji gani? Mlifika hapa mwaka gani? Ni nini kiliwatoa huko?