Bembea zipi ziongezwe, zipi ziondolewe katika viwanja vya watoto Dar es Salaam?

Sikukuu ya Idd inapofika, viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam hujaa watoto waliovaa nguo mpya. Wanatoka Kariakoo, Gerezani, Upanga, Ilala na mbali zaidi. Mkononi wana fedha kidogo walizopewa na wazazi, shangazi na wajomba, na wanachotafuta ni ubuyu, juisi na bembea. Sikukuu ikipita, bembea za muda hufunguliwa na kuondoka na wenyewe.

Hapo ndipo mjadala hurudi kila mwaka: kama eneo la katikati ya jiji lingekuwa na kiwanja cha kudumu cha kufurahishia watoto, kiwekwe nini na kiachwe nini? Wengine wanataka mashine kubwa za umeme kama zile wanazoziona kwenye televisheni. Wengine wanasema bembea za kawaida na mchanga safi vinatosha. Makala hii inaeleza mambo yanayopaswa kupimwa kabla ya kujibu.

Kwa nini nafasi ni chache?

Mnazi Mmoja si uwanja uliobaki wazi kwa bahati. Katika miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliligawa jiji kwa kanda za ujenzi: Uzunguni, Uhindini na eneo la Waafrika lililokuwa Kariakoo. Mnazi Mmoja uliachwa wazi kama ukanda wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Nia yake ilikuwa ubaguzi, lakini leo ukanda huohuo ndio eneo kubwa la wazi lililo karibu zaidi na watoto wa pande zote mbili.

Zamani mtoto wa Kariakoo hakuhitaji sana uwanja wa jiji. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, na michezo mingi ilimalizikia hapo. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa na kupisha maghorofa yenye maduka chini na vyumba juu. Ua umetoweka na baraza limekuwa duka. Nje ya mlango kuna mikokoteni, bodaboda na malori ya mizigo.

Hatari ya kukosa mahali pa kuchezea si ya kufikirika. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Miongoni mwa waliohofiwa kufukiwa siku ile ni watoto waliokuwa wakicheza jirani na jengo hilo.

Yapo maeneo mengine. Kidongo Chekundu, jirani na Mnazi Mmoja, kuna kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa mwaka 2015, lakini hicho ni cha mpira na mafunzo ya michezo, si cha bembea. Maonesho ya Sabasaba katika Barabara ya Kilwa huleta michezo ya watoto, lakini ni ya msimu wa Julai. Michezo ya maji ya Kunduchi na bustani za burudani za Kigamboni zinahitaji nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kiingilio. Kwa familia yenye watoto wanne inayoishi chumba kimoja Gerezani, hiyo ni safari ya kupangwa kwa miezi.

Kariakoo nyingine yenye kiwanja

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya bahari. Mjini Zanzibar nako kuna mtaa uitwao Kariakoo, na ndani yake kuna kiwanja cha kufurahishia watoto ambacho watu wazima wengi wa Unguja walikichezea utotoni. Kiwanja hicho kilijengwa upya na sasa kinaendeshwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mfuko huohuo unaendesha kiwanja cha Tibirinzi, Chake Chake, Pemba.

Zanzibar husherehekea sikukuu kwa siku nne, kuanzia sikukuu mosi hadi sikukuu ya nne, na viwanja hivi huwa na msongamano mkubwa. Funzo lake kwa Dar es Salaam ni kwamba kiwanja cha watoto katikati ya mji kinawezekana pale kinapokuwa na mwenyewe anayejulikana: taasisi yenye hesabu, wafanyakazi na jina la kuulizwa kinapoharibika kitu. Bembea za muda za siku tatu hazina hilo. Fundi akishafungua mashine yake na kuondoka, hakuna wa kuulizwa.

Hoja ya kuongeza: hesabu watoto, si mita za urefu

Kila panapotajwa bustani ya burudani, kitu cha kwanza watu hutaka ni gurudumu kubwa. Mashine hiyo ilipata umaarufu Chicago, Marekani, mwaka 1893, pale mhandisi George Ferris alipojenga gurudumu lenye urefu wa zaidi ya mita 80 kwa ajili ya maonesho ya dunia. Lilikusudiwa kuushinda umaarufu wa mnara wa Eiffel wa Paris. Kwa maneno mengine, lilijengwa ili litazamwe na livute wageni. Kazi hiyo ni tofauti na kuwachezesha watoto wa mtaani.

Tuchukue hesabu ya mfano. Gurudumu dogo lenye vibanda 8 vya watoto wawili wawili hubeba watoto 16. Likizunguka dakika 4, na kushusha na kupakia kibanda kimoja kimoja kukachukua dakika 6, litafanya safari 6 kwa saa. Hao ni watoto 96. Farasi wa kuzunguka wenye viti 24, wakizunguka dakika 3 na kupakia kwa dakika 2, watafanya safari 12. Hao ni watoto 288 kwa saa, mara tatu ya gurudumu, na hakuna anayekaa juu ya mita moja au mbili kutoka ardhini.

Siku ya Idd tofauti hiyo inaonekana kwenye foleni. Mtoto wa miaka sita hawezi kusimama juani saa nzima. Foleni ikiwa ndefu, wakubwa huwasukuma wadogo, na wanaokosa zamu huwa ni walewale: wadogo, wasichana waliobeba wadogo zao, na wasio na mtu mzima wa kuwatetea.

Vitu vinavyostahili kuongezwa kwanza, kwa hiyo, ni vile vinavyohudumia wengi bila umeme: bembea za kawaida, za kuserereka, nyavu za kupanda, mabembea ya ubao ya watu wawili, na eneo la mchanga la watoto wa chini ya miaka mitano lililotengwa na njia ya wakubwa.

Kundi jingine husahaulika kabisa. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu huishia kushika mikoba ya wenzake. Zipo bembea za jukwaa ambazo kiti cha magurudumu kinaingia na kufungwa, na zipo za kuzunguka zilizolingana na usawa wa ardhi. Mjini San Antonio, Marekani, bustani ya Morgan's Wonderland ilifunguliwa mwaka 2010 ikiwa imebuniwa kwa msingi huo. Si lazima kuiga bustani nzima. Bembea moja ya namna hiyo na njia ngumu isiyo na matope inatosha kuanzia.

Hoja ya kuondoa: kisichokaguliwa kisibaki

Upande wa kuondoa, kipimo ni kimoja: kama hakuna anayeweza kukikagua na kukitengeneza, kiondoke, hata kama watoto wanakipenda.

Dar es Salaam ni mji wa pwani. Upepo wa chumvi hula chuma haraka, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa na kwenye pini zinazobeba viti. Rangi mpya huficha kutu. Mvua za masika nazo huacha maji chini ya mitambo ya umeme. Na umeme ukikatika, lazima pawe na njia ya kuzungusha mashine kwa mkono ili watoto walio juu washuke. Mashine isiyo na njia hiyo haifai kuwekwa.

Zile nyumba za mpira zinazojazwa upepo ili watoto waruke huonekana salama kuliko zote kwa sababu ni laini. Kumbe zinaweza kupeperushwa. Viwango vya Ulaya vinataka zifungwe ardhini kwa angalau nukta sita na zisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Desemba 16, 2021, huko Devonport, Australia, watoto sita walifariki baada ya upepo kuinua moja katika sherehe ya shule ya msingi. Kwenye uwanja wa wazi kama Mnazi Mmoja, isiyofungwa sawasawa isiruhusiwe.

Jambo la tatu ni sakafu. Majeraha mengi ya viwanjani hutokana na kuanguka, na saruji au udongo uliokauka havisamehi. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuchezea haviruhusu mtoto kuanguka kutoka zaidi ya mita 3, na vinataka mchanga wenye kina cha sentimita 20 kwa mwanguko wa hadi mita 2, na sentimita 30 kwa mita 3, ukiachilia mbali ziada ya mchanga unaosogezwa na miguu. Bembea iliyosimikwa juu ya saruji ama iwekewe mchanga au ing'olewe.

Nani ana wajibu?

Katiba ya mjadala huu ipo tayari. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inagusa haki ya kushiriki michezo.

Kwa upande wa usalama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka maeneo ya kazi yasajiliwe. Bembea ya umeme inayoendeshwa na mtu aliyeajiriwa ni mahali pa kazi kama karakana yoyote. Kuhusu mashine zenyewe, shirika la viwango la kimataifa lina kiwango kinachohusu mashine za burudani, ISO 17842, kinachoeleza ubunifu, uendeshaji na ukaguzi wake. Viwanja vya wazi vya Kariakoo na Mnazi Mmoja viko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Manispaa ya Ilala mwaka 2021.

Maswali matano kwa mzazi

Kabla ya kumpandisha mtoto, au kabla ya kuchangia hoja kwenye mkutano wa mtaa, uliza haya:

1. Mwenye mashine ni nani, na anapatikana wapi sikukuu ikiisha?
2. Ilikaguliwa lini, na nani aliikagua?
3. Umeme ukikatika, watoto wanashushwa vipi?
4. Chini kuna nini: mchanga, nyasi au saruji?
5. Ni watoto wangapi wanapanda kwa saa, na asiye na fedha anapata nini?

Swali la mwisho ndilo linaloamua kiwanja ni cha nani. Kiwanja chenye mashine tano za kulipia na bila bembea hata moja ya bure kinakuwa duka lenye muziki. Kikiwa na bembea ishirini za bure, mashine mbili za kulipia zinazogharimia mlinzi na fundi, na mchanga unaobadilishwa kila mwaka, mtoto wa Gerezani atakuja hata siku isiyo ya Idd.