Vidonda vya kiti cha baiskeli

Vidonda vya kiti cha baiskeli ni majeraha na maambukizi ya ngozi yanayompata mwendesha baiskeli pale mwili unapogusana na kiti: msambani, kinenani, kwenye mikunjo ya mapaja na chini ya makalio. Jina hilo hujumuisha mambo yanayotofautiana sana kwa uzito, kuanzia mchubuko unaopona kwa siku mbili hadi jipu la kupasuliwa hospitalini. Vinaweza kumpata yeyote anayekaa kitini kwa muda mrefu, ila baiskeli ya mazoezi ya ndani huvileta upesi kuliko ya barabarani, hata kwa mtu aliyezoea safari ndefu. Wengi hulaumu bukta au kukosa krimu, ilhali tatizo kubwa ni kukaa bila kusogea.

Chanzo

Barabarani baiskeli haitulii. Huyumba chini ya mwendeshaji, hurushwa na matuta, huteremka mlima huku pedali zimesimama, na kila kona au shimo humfanya mtu anyanyuke kidogo. Kila anaponyanyuka, damu hurudi kwenye ngozi iliyokuwa imekandamizwa. Baiskeli ya ndani imesimama imara sakafuni na haina mteremko. Nyingi za zile za madarasa ya mazoezi zina gurudumu zito lililofungamana moja kwa moja na pedali, kwa hiyo miguu haipumziki maadamu gurudumu linazunguka. Madarasa ya namna hiyo yalienezwa kutoka California na Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Schwinn ikawa inauza baiskeli aliyoibuni.

Jambo la pili ni joto. Katika nishati anayotumia mwendeshaji, karibu robo tu ndiyo hufika kwenye pedali. Anayekanyaga kwa nguvu ya wati 200 hutoa joto la wati 600 au zaidi. Nje, upepo wa mwendo hulipunguza. Chumbani jasho hutiririka mgongoni na kuishia ndani ya bukta. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka kirahisi. Kwa mizunguko 80 kwa dakika, kila paja husugua kiti mara 4,800 kwa saa. Ngozi ikishachubuka, bakteria wanaoishi juu yake, hasa Staphylococcus aureus, huingia kwenye vitundu vya vinyweleo. Hapo huota kipele, na kipele kikipuuzwa huwa jipu.

Kunyoa kwa wembe huzidisha hatari, kwa kuwa nywele zinazochipua hujikunja na kuota ndani ya ngozi. Kupunguza kwa mkasi au mashine kunatosha.

Katika mashindano

Ugonjwa huu umebadilisha matokeo ya mbio kubwa. Louison Bobet wa Ufaransa alishinda Tour de France ya 1955, ikiwa ni mara yake ya tatu mfululizo, huku akiteswa na majipu yaliyomfikisha kwenye upasuaji. Sean Kelly wa Ireland alijitoa Vuelta a España ya 1987 akiwa anaongoza, zikiwa zimebaki siku chache; akarudi mwaka uliofuata na kushinda. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Laurent Fignon, aliyeanza siku ya mwisho ya Tour ya 1989 akiwa mbele ya Greg LeMond kwa sekunde 50, ana kidonda kilichomfanya ashindwe hata kukaa sawasawa. Alishindwa kwa sekunde 8. Kusema kidonda peke yake ndicho kilichomnyima ushindi ni kutia chumvi, maana LeMond alitumia usukani wa kupunguza upepo ambao Fignon hakuwa nao, lakini hakikumsaidia.

Mbio za ndani nazo sasa zina ubingwa wa dunia. Shindano la kwanza lilifanyika Desemba 2020 kupitia programu ya Zwift, kila mshiriki akiwa kwake. Washindi walikuwa Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini na Jason Osborne wa Ujerumani. Fainali ya 2024 ilifanyika Abu Dhabi. Katika nchi za Ghuba, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, mazoezi ya ndani kwa miezi kadhaa ni jambo la kawaida.

Kiti na mkao

Baiskeli ya Phoenix ya kubebea mizigo ina kiti kipana chenye springi kwa sababu mwendeshaji hukaa wima na karibu uzito wote hutua kwenye makalio. Kwenye baiskeli ya mazoezi mtu huinama mbele, na kiti kipana humkwaruza mapaja. Kufunika kiti kwa jeli nene, kama wanavyofanya wengi wakishaumia, kwa kawaida huongeza tatizo: jeli hubonyea chini ya mifupa ya kukalia, ikajaa katikati na kukandamiza sehemu laini zenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ganzi ya sehemu za siri ni dalili ya mkandamizo huo, na haifai kuvumiliwa.

Upana unaofaa hupimwa kwa kipande cha boksi. Kiweke juu ya kiti kigumu, ukikalie ukiwa na nguo nyepesi, uiname mbele na kunyanyua visigino. Vitabaki vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kwa watu wengi hupatikana milimita 100 hadi 150, wanawake kwa wastani wakiwazidi wanaume. Kiti kizidi kipimo hicho kwa milimita 20 hadi 30.

Kimo ni muhimu vilevile. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia na kusugua ngozi kila mzunguko.

Hayo yakiwa sawa, kinachobaki ni kusogea: kusimama kwenye pedali kila baada ya dakika tano hadi kumi, kwa sekunde 20 au 30, kabla maumivu hayajaanza. Wanaotumia baiskeli zao nyumbani juu ya mtambo wa kuishikilia isitembee huweka chini yake ubao unaoyumba. Feni kubwa ielekezwe kifuani, si usoni tu.

Mavazi na usafi

Bukta ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi, kwani mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Ivaliwe mara moja kisha ifuliwe, na ivuliwe mara tu mazoezi yanapoisha. Kukaa nayo ukinywa maji na kusoma simu huwapa bakteria na fangasi joto na unyevu wanaoutaka. Krimu ya kupunguza msuguano husaidia. Mafuta ya mgando hufanya kazi hiyohiyo, ila hung'ang'ania kwenye sponji. Krimu zenye mentholi huwawasha wanawake wengi.

Tiba

Mchubuko hutibiwa kwa kupumzika siku moja au mbili, kuosha kwa sabuni isiyo kali, kukausha bila kusugua na kuvaa nguo pana. Kanga au msuli bila nguo ya ndani ni vazi zuri la kulalia. Krimu ya zinki, ile ya upele wa nepi, hulinda ngozi.

Jipu hukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Lisikamuliwe. Kumeza vidonge vya antibiotiki vya kununua kiholela ni kosa, kwa sababu jipu lililojaa usaha huhitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya, na dawa iliyochaguliwa vibaya hujenga usugu. Vinundu vigumu vya msamba, au uvimbe wa upande mmoja wa uke usiopungua, navyo vichunguzwe. Baadhi huishia kwa upasuaji.

Vitabu vingi huelekeza kutazama wekundu unaoenea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pima kwa mgongo wa mkono kama pana joto, na angalia kama ngozi imevimba, imeng'aa au imezidi weusi. Homa, maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa kidonda, au ngozi inayobadilika rangi kwa kasi ni dharura, hasa kwa mwenye kisukari: aende hospitali saa hiyohiyo.

Mazoezi yarudiwe pale kidole kinapobonyeza mahali hapo bila maumivu. Kidonda kinachorudi palepale, upande uleule, mara nyingi hutokana na kiti kilichopinda au mguu mmoja uliopungua urefu, na hakuna krimu itakayokimaliza kabla kasoro hiyo haijarekebishwa.