Zege Chini ya Jukwaa la Carnegie Hall

Andrew Carnegie alitajirika kwa chuma cha pua, lakini ukumbi mkuu wa muziki unaobeba jina lake jijini New York unasimama juu ya kuta nene za matofali. Wazo la kuujenga lilizaliwa baharini mwaka 1887. Carnegie alikuwa kwenye fungate na mkewe Louise, wakielekea Uskoti alikozaliwa. Melini humo alisafiri pia Walter Damrosch, kijana wa miaka 25 aliyeongoza okestra moja na kwaya moja kubwa, zote mbili zikiwa hazina ukumbi wa kufaa. Kufikia Mei 1890 Louise alikuwa ameshaweka jiwe la msingi.

Kazi ya kuchora ramani alipewa William Tuthill, ambaye hakuwa amewahi kujenga ukumbi wa muziki. Alichokuwa nacho ni sikio: alipiga sello kwa mapenzi yake na aliifahamu kwaya ya Damrosch kwa karibu. Aliyakataa mapazia mazito, mataa makubwa ya kuning'inia na michoro ya kujaza dari, mambo ambayo enzi hizo yalihesabiwa kuwa ndiyo heshima ya jumba. Kuta akazipa mkunjo laini, dari akaiinua kidogo kwa umbo la kuba, ili sauti isambae bila kumezwa. Tarehe 5 Mei 1891, usiku wa ufunguzi, mtunzi Tchaikovsky mwenyewe alisimama pale akiongoza muziki wake. Ukumbi mkuu una viti karibu 2,800, na mwenye tiketi ya ghorofa ya juu kabisa hupanda vidato 137. Kwa maoni yangu, kile alichokikataa Tuthill ndicho kilichoujenga ukumbi huu, na misukosuko yake mingi imetoka kwa watu waliotaka kuongeza kitu.

Mwaka 1912 kiongozi wa okestra James Reese Europe aliwapandisha kwenye jukwaa hilo wanamuziki weusi zaidi ya mia moja kwa usiku mmoja, katika nchi iliyowafungia milango mingine mingi. Mei 1960 mwimbaji Harry Belafonte, yuleyule aliyewachangishia nauli wanafunzi wa Kenya katika safari za ndege za kwenda kusoma Marekani zilizoandaliwa na mwanasiasa Tom Mboya, aliimba hapo akimleta mwimbaji wa Afrika Kusini Miriam Makeba kama mgeni wake.

Ukumbi alimoimba Makeba ndio kwanza ulikuwa unanusurika kubomolewa. Okestra ya New York Philharmonic, mpangaji wake mkubwa, ilikuwa inajiandaa kuhamia kituo kipya cha sanaa cha Lincoln Center, na mwenye jengo alitaka kuuza. Ulikuwapo mpango wa kulibomoa na kusimamisha jengo jekundu la ghorofa 44. Mpiga fidla Isaac Stern aliongoza kamati ya wananchi, akawaendea wanasiasa mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapitishwa sheria iliyoliruhusu jiji kulinunua. Mwezi Juni 1960 jiji lililipa dola milioni 5. Huko Lincoln Center ukumbi mpya ulifunguliwa mwaka 1962, malalamiko kuhusu sauti yake yakaanza mara moja, na ndani yake umevunjwa na kujengwa upya zaidi ya mara moja.

Mwaka 1986 Carnegie Hall ilifungwa kwa miezi saba kwa ukarabati mkubwa. Juu ya jukwaa palikuwa na tundu lililotobolewa darini katika miaka ya 1940 kwa ajili ya kupiga filamu, na kwa miaka mingi lilifunikwa kwa vitambaa tu. Mafundi waliliziba kwa lipu. Milango ilipofunguliwa Desemba, rangi ziling'aa na viti vilipendeza, lakini waliouzoea ukumbi walihisi jambo: sauti nzito zimepungua, nyembamba zimekuwa kali. Uvumi ukazuka kwamba chini ya jukwaa kumemwagwa zege. Uongozi ulikanusha, na ukaendelea kukanusha mwaka baada ya mwaka.

Zege lina madhara gani? Sello na besi kubwa husimama kwa kijiti cha chuma kilichochomekwa sakafuni. Mpigaji akivuta upinde, mtetemo hushuka kwenye kijiti hicho na kuingia kwenye mbao. Mbao zikiwa na uwazi wa hewa chini yake, nazo hutetemeka na kuikuza sauti. Zikilazwa juu ya zege, mtetemo hufia hapohapo.

Waliolalamika hawakuwa na kipimo zaidi ya masikio yao, na inaniuma kwamba walichukuliwa miaka yote hiyo kama watu wa kununa tu. Mwaka 1995 mbao za jukwaa zilianza kupinda, ikabidi zing'olewe. Chini yake kulikuwa na zege. Likavunjwa na kutolewa, sakafu mpya ya mbao ikatandikwa juu ya uwazi wa hewa, na wapiga besi wakachomeka vijiti vyao kwenye mbao hizo msimu wa vuli mwaka huohuo.