Seli shina za meno: Alama ndogo zinazoamua kama jino litajijenga upya

Na Mwandishi Wetu

JINO la utoto likishang'oka, wazazi wengi hulitupa. Hata hivyo, ndani yake huweza kuwa kumebaki nyama laini yenye seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu na zinaweza kuzaa seli za aina nyingine.

Seli hizo zilitangazwa mwaka 2000 na kundi la Stan Gronthos na Songtao Shi, wakiwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Walizipata katika magego ya mwisho ya watu wazima. Mwaka 2003 kundi hilo lilizipata katika meno ya utoto, na mwaka 2004 katika utando unaoshikilia jino kwenye taya.

Umuhimu wake

Nyama hiyo, iitwayo kiini cha jino, ndiyo yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ikifa kwa kuoza au kuumia, daktari huiondoa na kuziba nafasi yake. Kwa mtoto ambaye mzizi wa jino lake la kudumu haujakomaa, hasara ni kubwa zaidi: mzizi huacha kukua, kuta zake hubaki nyembamba na jino huvunjika kwa urahisi.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022, watu wapatao bilioni 2 wana meno ya kudumu yaliyooza.

Jeni hufungwa na kufunguliwa

Kuwa na seli shina pekee hakutoshi. Ni lazima zielekezwe kujenga jino na si kitu kingine. Karibu seli zote za mwili hubeba vinasaba vilevile. Kinachotofautisha seli ya jino na ya ini ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Elimu ya jambo hilo huitwa epijenetiki, jina lililotokana na kazi ya mwanasayansi wa Uingereza, Conrad Waddington, mwaka 1942.

Kazi hiyo hufanywa na alama za kikemikali. Alama ya methili ikibandikwa kwenye DNA, mara nyingi jeni hufungwa. Aidha, uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni zikipata alama ya asetili, uzi hulegea na jeni husomeka.

Katika majaribio ya maabara, trikostatini A na asidi ya valproiki, ambayo ni dawa ya kifafa, huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili. Seli za kiini zilizowekewa kemikali hizo kwa kiwango kidogo zilitengeneza madini mengi zaidi, mfano wa yale ya dentini, tabaka gumu lililo chini ya enameli. Kimeng'enya KDM6B nacho, ambacho huondoa methili kwenye histoni, kinapopunguzwa, uwezo wa seli kugeuka wajenzi wa dentini hushuka.

Majaribio kwa binadamu

Mwaka 2017, watafiti wa Japani wakiongozwa na Misako Nakashima walitoa matokeo ya wagonjwa watano waliopandikizwa seli za kiini cha meno yao wenyewe. Mwaka 2018, watafiti wa Xi'an, China, walieleza matokeo ya watoto walioumia meno ya mbele. Kati yao, 26 walipandikizwa seli kutoka meno yao ya utoto na 10 walipata tiba ya kawaida. Baada ya miezi 12, waliopandikizwa walikuwa na mizizi iliyorefuka, mishipa ya damu na hisia katika jino.

Majaribio hayo yalitumia seli, si dawa za kubadili alama. Dawa hizo hugusa jeni nyingi kwa pamoja, hivyo zinaweza kufungua hata zisizotakiwa. Vilevile, seli zinazokuzwa muda mrefu maabara huzeeka na alama zake hubadilika.

Kwa sababu hiyo, mzazi anayeshawishiwa kulipia uhifadhi wa seli za meno ya mwanawe afahamu kwamba analipia matumaini, si tiba iliyozoeleka. Tena seli za kiini hazirudishi enameli, kwa kuwa seli zinazoijenga hutoweka jino linapochomoza. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kupunguza sukari na kuziba tundu likiwa dogo bado ndiyo kinga ya uhakika.