Tenzi za Kughaniwa: Sauti Iliyotoka Pate, na Nafasi ya Jilore

Jilore iko kando ya mto Sabaki, bara kidogo kutoka mji wa Malindi, huku msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa jirani yake. Wenyeji wake wengi ni Wagiriama. Ukitaja ushairi wa kale wa Kiswahili mbele yao, watakuelekeza kaskazini, kwa Waamu na Wapate, kana kwamba ni mali ya jamaa wa mbali. Wana haki ya kusema hivyo, ila wataalamu wa lugha hawakubaliani nao. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walieleza kwa kina ukoo wa lugha unaojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Ukoo huo unaitwa Sabaki, kwa jina la mto huu huu unaopita Jilore.

Basi tuwaendee hao jamaa. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kisiwani Pate, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa nasaha. Alikuwa mgonjwa, na miaka kama miwili baadaye akafariki. Nakala ziliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na hazikuwa nyingi. Aliyekuwa nayo alighani, wengine wakasikiliza. Waliosikiliza mara nyingi wakahifadhi, nao wakawaghania wengine. Hivyo ndivyo maneno ya mama kwa bintiye yalivyofika nyumba ambazo mwenyewe hakuwahi kuzikanyaga.

Umbo la utenzi lenyewe linasaidia kazi hiyo. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya mwanzo hufanana kina, na kila ubeti una chake. Cha nne hubeba kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti ziwe mia na zaidi. Mghani akifika hapo huivuta silabi ya mwisho, akapata pumzi, na msikilizaji akajua ubeti umetimia. Ndiyo maana anayeghani kwa kichwa akiruka kipande, aliyeketi pembeni hushtuka hata kabla yake. Sikio la msikilizaji lilikuwa mhariri.

Mombasa nayo ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalihusu siasa za Mvita, mapenzi, njaa na vijembe vya mjini, na kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake hazina yake kubwa ilikuwa kumbukumbu za watu. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Yeye ndiye aliyemsaidia mmishonari William Taylor wa shirika la CMS (Church Missionary Society) kuyakusanya na kuyaelewa, kabla ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zilihamia London, na Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens, ikachapishwa mwaka 1940. Miaka mia kamili tangu Muyaka afariki! Kwa maoni yangu jina la Sikujua lingestahili kuwa kwenye jalada, lakini jalada halikuwa na desturi ya kuwakumbuka watu wa aina yake.

Huyo huyo Taylor alikuwa pia akisikiliza Kigiriama. Mwaka 1891 alichapisha msamiati wa lugha hiyo pamoja na semi zake, mwaka ule ule aliotoa mkusanyiko wake wa methali za Kiswahili. CMS yenyewe ilikuwa na kituo Jilore mwishoni mwa karne ya 19. Lakini Wagiriama hawakungoja wamishonari wawaeleze nguvu ya sauti. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliitumia ngoma ya kifudu kukusanya watu dhidi ya utawala wa Mwingereza. Walioitika waliitwa kwa wimbo na mchezo. Karatasi haikuhusika.

Redio ilipokuja, kazi ya mghani ikapata kipaza sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Malenga Wetu, ambamo mashairi ya watunzi yalisomwa hewani. Mombasa, tungo za Ahmad Nassir zilikuwa vitabuni, Malenga wa Mvita ikiwa ya mwaka 1971, lakini waliozijua kwa kuzisikia zikiimbwa na binamu yake Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, nadhani ni wengi kuliko waliowahi kukifungua kitabu hicho.

Shuleni mambo yaligeuka. Ushairi ni sehemu ya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE, na mtahiniwa huulizwa bahari, vina, mizani, uhuru wa mshairi. Matokeo yake, wapo wanafunzi wengi wanaohesabu mizani kwa vidole barabara bila kuwahi kusikia utenzi ukighaniwa hata mara moja. Sielewi tunatarajia waupende vipi.

Kwingineko watu wamelishughulikia tatizo hili bila kungoja wizara. Agosti 2005, Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, alianzisha LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha Marekani, na rekodi zikatolewa bure. Hakuna usaili wa sauti. Mgeni hurekodi jaribio fupi tu ili ihakikishwe kuwa anasikika vizuri. Wana pia desturi nzuri ya kuchukua shairi moja fupi likasomwa na watu kadhaa, kila mtu kwa lafudhi yake. Kwa desturi hiyo Mgiriama hana sababu ya kuionea haya lafudhi yake mbele ya Kiamu.

Maandishi yapo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, kwa kazi ya Taylor. Utendi wa Mwana Kupona ulichapishwa na Alice Werner mwaka 1917. Matoleo hayo yote mawili yamepita muda wa hakimiliki Marekani. Jihadharini tu na matoleo ya karibuni, kama la J.W.T. Allen la mwaka 1971 au la Mohamed Abdulaziz kuhusu Muyaka la mwaka 1979, kwani hayo bado yana wenyewe.

Walimu wa Kiswahili wa Jilore na Malindi, simu mnazo na wanafunzi mnao. Mwalikeni mjuzi wa mahadhi awaonyeshe vijana jinsi ya kughani, kisha waacheni warekodi beti kumi za Mwana Kupona muhula huu. Mtihani wa mizani unaweza kusubiri wiki moja.