Kijiji cha watoto: Mwaka mmoja chini ya mama asiyemzaa

MTOTO anapofiwa na wazazi au anapotelekezwa, wengi hufikiri kwanza chakula na mavazi. Lakini lipo pengo jingine ambalo hayo hayawezi kuliziba: hukosa mtu wa kumwita mama. Vijiji vya watoto vinavyoendeshwa kwa michango ya wafadhili vilianzishwa ili kuliziba pengo hilo.

Vinavyofahamika zaidi duniani ni vijiji vya SOS. Shirika hilo lilianzishwa nchini Austria mwaka 1949 na Hermann Gmeiner, wakati Ulaya ilipokuwa na mayatima wengi walioachwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kijiji cha kwanza kilijengwa katika mji mdogo wa Imst. Hivi sasa shirika hilo lina shughuli katika nchi zaidi ya 130.

Nchini Tanzania, kijiji cha kwanza kilifunguliwa Zanzibar mwaka 1991, na baadaye vikafuata vingine Arusha, Dar es Salaam na Mwanza. Nchini Kenya vipo Nairobi, Mombasa, Eldoret, Meru na Kisumu.

Tofauti ya kijiji na makao ya kawaida ya watoto ipo katika nguzo nne: mama, ndugu, nyumba na kijiji. Watoto hawalali katika bweni moja kubwa. Kila kundi la wavulana na wasichana wa umri mbalimbali huishi katika nyumba yake, chini ya mama mlezi mmoja. Ndugu wa tumbo moja hupokewa pamoja na hawatenganishwi. Mama hupewa fedha za matumizi ya mwezi, naye huamua nini kipikwe, kipi kinunuliwe sokoni na kipi kisubiri.

Januari hadi Mei

Mwaka wa kijiji huanza pamoja na mwaka wa shule. Ingawa Serikali ya Tanzania iliondoa ada katika elimumsingi kuanzia mwaka 2016, sare, viatu, mikoba na madaftari bado ni mzigo wa mlezi. Mama mwenye watoto wanane hufanya mara nane kile ambacho mzazi wa mtoto mmoja hukifanya mara moja, tena bila kuonyesha upendeleo. Mtoto aliyewahi kuachwa huwa mwepesi wa kugundua kwamba kiatu cha mwenzake ni kipya kuliko chake.

Kipindi hiki pia huweza kuleta mtoto mpya. Haletwi na jirani wala na mfadhili, bali na afisa wa ustawi wa jamii baada ya kuthibitika kwamba hana ndugu anayeweza kumlea. Wiki za mwanzo ndizo ngumu kupita zote. Wapo wanaokojoa kitandani, wapo wanaoficha mkate chini ya mto, na wapo wasiosema neno. Mama mlezi hufunzwa kuzitambua dalili hizo kuwa ni za majeraha ya moyoni, wala si utovu wa adabu.

Masika yanapoingia, kazi huongezeka. Vyandarua hukaguliwa, na homa ya mtoto haipuuzwi. Aidha, mama naye ana haki ya likizo. Anapoondoka, nafasi yake hushikwa na msaidizi ambaye watoto humwita shangazi au mama mdogo.

Juni hadi Desemba

Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Watoto wa vijijini huungana na wenzao wa mitaa ya jirani katika ngoma, maigizo na michezo.

Mwezi Ramadhani na sikukuu za Idi huhama mwaka hadi mwaka kwa kufuata mwandamo wa mwezi, ilhali Krismasi hubaki Desemba. Mtoto hulelewa katika dini ya familia yake na hubaki na jina la baba yake. Kwa Waislamu jambo hili ni la msingi, kwani kumlea yatima ni thawabu kubwa lakini kumbadilishia nasaba hakuruhusiwi.

Mwishoni mwa mwaka huja mitihani ya taifa, ukiwamo wa kidato cha nne ambao hufanyika Novemba. Baada ya hapo huja likizo, na watoto wenye bibi, mjomba au ndugu mwingine anayefahamika huenda kuwatembelea. Safari hizo si anasa. Kijana atakapofikisha umri wa kujitegemea atahitaji watu wa kumtambulisha siku ya posa na wa kusimama naye siku ya msiba.

Fedha za mfadhili huenda wapi?

Mfadhili anaweza kuwa mstaafu wa Ujerumani au mfanyakazi wa benki wa Nairobi. Fedha anazotoa kila mwezi hazikabidhiwi mtoto mkononi. Huchangia gharama za malezi, elimu na matibabu. Zawadi ya fedha iliyotumwa kwa mtoto maalumu huwekwa katika akiba yake hadi atakapoanza maisha yake. Barua hupitia ofisi ya kijiji ili kumlinda mtoto.

Utaratibu huu una udhaifu wake. Uchumi wa nchi za wafadhili unapoyumba, bajeti ya kijiji kilichoko maelfu ya kilomita nayo huyumba. Ndiyo maana mashirika haya yamekuwa yakitafuta wachangiaji wa ndani pia.

Doa na mafunzo yake

Hata hivyo, nia njema pekee haimlindi mtoto. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la SOS lilikiri hadharani kwamba watoto walidhulumiwa katika baadhi ya vijiji vyake, likaomba radhi na kuunda tume huru. Tume hiyo iliongozwa na Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Dk. Willy Mutunga, na ripoti yake ilitolewa mwaka 2023.

Mwaka 2025 lilikuja pigo zito zaidi. Tawi la Austria lilitangaza kwamba Gmeiner mwenyewe, aliyefariki dunia mwaka 1986, anatuhumiwa kuwadhulumu wavulana wasiopungua wanane, na kwamba waathirika hao walikwisha kulipwa fidia kabla umma haujaelezwa.

Funzo lililopo ni kwamba palipo na watoto wasio na mtetezi, hapana mtu anayestahili kuaminiwa bila kukaguliwa, awe mlinzi wa getini au mwasisi mwenye sanamu.

Kijiji au ukoo?

Swali kubwa zaidi ni iwapo mtoto anapaswa kuwa kijijini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini pekee usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Inasisitiza pia kwamba watoto wachanga, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika familia.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo na kuasili, mbali na makao ya watoto. Kenya imekwenda mbele zaidi: ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika familia na jamii.

Vijiji navyo vimeanza kubadilika. Sehemu kubwa ya kazi ya SOS siku hizi ni kuzisaidia familia zilizo hatarini kusambaratika, kwa mtaji mdogo, mahitaji ya shule na ushauri, ili mtoto asilazimike kuondoka kabisa. Katika baadhi ya nchi, mama walezi na watoto wao wamehamia katika nyumba za kawaida mitaani.

Bado watakuwapo watoto ambao kwao hakuna pa kurudi. Kwa hao, nyumba yenye mama mmoja anayewajua kwa majina, na anayejua nani haogopi giza na nani anaogopa, ni bora mara nyingi kuliko kibaraza cha duka mjini. Lakini mtoto mwenye bibi anayempenda na asiyekuwa na unga anahitaji unga, si kijiji. Kutofautisha watoto hao wawili ndiyo kazi ya kwanza ya afisa ustawi, na ndilo swali ambalo kila mfadhili anapaswa kuliuliza kabla ya kutia saini ahadi yake ya mwaka.